Bushi ya Shaba

Sindano ya mwisho ilivunjika Jumanne
katikati ya hatamu ya punda wa Kimotho.
Ilitoa sauti ndogo, tik,
kama mtu aliyekumbuka jambo akaamua kunyamaza.
Ncha ikabaki ndani ya ngozi.
Niliing'oa kwa koleo, nikaifunga kwenye karatasi,
sijui kwa nini. Baba alizifunga zote.

Kikopo cha sindano, bati la tumbaku,
alikipata pamoja na cherehani
kwenye mnada wa shamba kule Rongai,
mwaka ule mvua ilipochukua madaraja.
Mia moja na arobaini, alinihesabia.
"Hizi zitatuzika sote."
Zilimzika yeye. Mimi zimeniachia kikopo
na vumbi la kutu.

Nilishuka Gusii Road, duka hadi duka.
Kwa Virji, kijana alicheka bila ubaya:
"Mama Simiyu, kiwanda cha hizo
kilifungwa babu yangu hajaoa."
Akanitolea za sasa, kumi kwa pakiti,
zinang'aa, zina haraka,
shingo nyembamba, fupi kwa upana wa ukucha.
Nilizinunua. Mkono mtupu haulambwi,
na sindano isiyoingia bado ni sindano.

Nilipoitia moja ilicheza tunduni
kama mguu wa mtoto ndani ya buti la askari.

Lusweti wa Shabab, mwenye mashine ya kukereza,
alitaka tuukate mhimili, tuchomelee mwingine.
"Utakuwa mpya kabisa."
Nilikataa.
Chuma hiki kimeshona matandiko ya farasi
wa watu waliokwisha kurudi kwao,
mipira ya shule za Bahati,
mkoba wangu wa darasa la kwanza.
Usiukate, Lusweti. Uvike.
Akakuna kidevu. Akaokota koki iliyokufa,
akaikereza hiyo shaba ya njano, cheche hakuna,
nyuzinyuzi tu za dhahabu ya uongo,
mpaka ikawa bushi: urefu wa punje ya mchele,
tundu katikati, ufa ubavuni
ili skrubu ipate pa kubana.

Sindano ikasimama wima. Nikashangilia mapema.

Ilishuka, ikapanda, uzi ukarudi mtupu.
Mara moja. Mara kumi.
Ngozi ikajaa matundu bila mshono,
barua nzima ya nukta.
Nilimtukana Lusweti, nikamtukana Virji,
nikamtukana na marehemu kidogo.

Nilikuwa nasonga ugali iliponijia:
ndoano ya chini bado inaisubiri sindano ndefu,
kama mke anayempakulia mume aliyehama.
Hakuna aliyemwambia.

Nikaacha mwiko sufuriani.
Nikalegeza skrubu, nikashusha mhimili
kwa unene wa sarafu ya shilingi kumi,
nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole,
tochi ya simu mdomoni,
mpaka ndoano ikapita nyuma ya tundu la sindano
na kukichukua kitanzi.
Hapo. Hapo hapo.
Nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu.
Ugali uliungua.

Mshono wenyewe si ule wa Baba.
Wake ulikaa kama askari kwenye gwaride;
huu unaegemea kushoto kidogo,
kama mtu anayesikiliza.
Husemwa sindano ikipita, uzi hufuata.
Labda. Ila yupo mwingine chini, gizani,
na yeye lazima apashwe habari.

Kimotho alikuja Ijumaa.
Aliivuta hatamu kwa mikono miwili,
akaigeuza juani, hakuona kitu,
akaanza kupunguza bei.
Nje, punda alikuwa anatafuna bango langu la karatasi,
TUNASHONA NGOZI,
na alikwisha fika kwenye N ya pili.